Kutoka Mkasi wa Gessner Hadi Simu ya Mkononi: Historia ya Dokezo Lisilo na Folda

Mwaka 1548, tabibu na mwanachuoni wa Zurich aitwaye Conrad Gessner alichapisha kitabu, Pandectae, na ndani yake akaeleza jinsi ya kutengeneza faharasa. Maelekezo yake yalikuwa mepesi. Soma, na kila ukutanapo na jambo la kufaa liandike kwenye karatasi nzuri, upande mmoja tu, kila jambo kwenye mstari wake. Karatasi ikijaa, ikate kwa mkasi, kila jambo libaki na kijikaratasi chake. Vitandaze vijikaratasi mezani, uvigawe mafungu, kila fungu uligawe tena, mpaka mpangilio ukuridhishe. Hapo ndipo uvibandike. Kama bado hujaamua, vishikize kwa muda tu ili uweze kuvihamisha baadaye.

Gessner hakuwa akicheza. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1545, alikuwa ametoa Bibliotheca universalis, orodha ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania iliyowataja waandishi wapatao 3,000. Mashine ya uchapaji ilikuwa na umri wa karibu miaka 100 Ulaya, na vitabu vilikuwa vikitoka kwa wingi uliowaelemea wasomaji. Kichwa cha mtu mmoja hakikutosha tena. Daftari lililoshonwa nalo halikutosha, kwa sababu jambo likishaandikwa daftarini hubaki pale lilipoandikwa, kati ya jirani zake wa siku hiyo, hata kama jirani hao hawahusiani nalo kabisa. Mkasi ulilitoa jambo kifungoni. Tangu hapo dokezo na mahali pa dokezo vikawa vitu viwili.

Historia inayofuata ni ya wazo hilo. Inamhusu kila mwenye simu leo, kwa kuwa kila mwenye simu anamiliki madokezo mengi kuliko aliyokuwa nayo Gessner: ujumbe aliojitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, picha za risiti, namba za mafundi, mistari ya hotuba, mawazo ya biashara yaliyoandikwa ndani ya daladala. Wengi tumefundishwa njia moja ya kuyaweka, nayo ni folda: tengeneza folda, ndani yake tengeneza nyingine, kisha kumbuka uliweka nini wapi. Folda huuliza swali moja tu: umeliweka wapi? Kwa karibu miaka 500 kumekuwa na watu waliouliza maswali mengine: linahusu nini, na linakwenda na lipi?

Visanduku 100 vya Locke

Katika karne ya 16 desturi ya wasomi wa Ulaya ilikuwa kuweka daftari la vichwa vya mada. Mwanachuoni Erasmus aliipigia debe mwaka 1512. Mwanafunzi aliandika kichwa cha kila mada juu ya ukurasa mapema, "Urafiki", "Vita", "Kifo", kisha akajaza chini yake nukuu alizokutana nazo. Tatizo lilionekana haraka. Mada moja ilijaza kurasa zake na kukosa pa kwenda, nyingine ikabaki tupu maisha yote ya mwenye daftari. Tena, mtu alilazimika kujua mada zake zote kabla hajasoma.

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alipata njia ya kuondoka katika mtego huo. Alikuwa ameitumia kwa zaidi ya miaka 20 alipoichapisha kwa Kifaransa mwaka 1686, akiwa uhamishoni Uholanzi, katika jarida lililohaririwa na Jean Le Clerc. Inafaa kuitazama kwa karibu.

Chukua daftari tupu. Kwenye kurasa mbili za mwanzo zinazotazamana, chora jedwali la visanduku 100: herufi 20, kwa kuwa Locke aliziunganisha baadhi, na kwa kila herufi irabu tano. Ukitaka kuandika jambo, lipe neno kuu moja. Tazama herufi ya kwanza ya neno hilo, kisha irabu ya kwanza inayoifuata. Locke alitoa mfano wa neno la Kilatini epistola, yaani waraka, ambalo kisanduku chake ni E-I. Kwa Kiswahili, karafuu ingekwenda K-A, mvua M-U, bei B-E.

Sasa fungua kurasa mbili za kwanza zilizo tupu, tuseme ukurasa wa 14 na wa 15, andika habari ya karafuu, na kwenye kisanduku cha K-A tia namba 14. Ukipata habari ya mvua, inachukua kurasa mbili zinazofuata, na kisanduku cha M-U kinapata 16. Wiki ijayo ukiandika juu ya kahawa, ambayo nayo ni K-A, unarudi ukurasa wa 14. Kurasa hizo zikijaa, nenda kwenye kurasa tupu za mbele, labda 32, na uongeze namba 32 kando ya 14. Hakuna ukurasa unaotengwa mapema, hakuna unaopotea bure, na mwenye daftari halazimiki kuijua ramani ya elimu yote kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Alichofanya Locke ni kutenganisha kazi mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja. Kurasa zilifuata mpangilio wa kufika: jambo lililokuja kwanza likaandikwa kwanza. Mpangilio wa maana ukahamia kwenye faharasa, jedwali dogo lililo peke yake. Ndivyo injini za kutafuta za leo zinavyofanya kazi: maandishi hubaki popote yalipo, na pembeni kuna orodha inayosema neno gani liko wapi. Maelezo ya Locke yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1706, miaka miwili baada ya kifo chake, na katika karne hiyo ya 18 mchapishaji John Bell wa London alikuwa akiuza madaftari tupu yaliyotayarishwa kwa mtindo huo.

Kadi zinaanza kusafiri

Wakati Locke akishughulika na daftari, wengine waliendelea na vijikaratasi vya Gessner. Katika miaka ya 1640 Mwingereza Thomas Harrison alibuni kabati lenye kulabu nyingi ndani, kila kulabu ikiwa na kibati cha jina la mada, na vijikaratasi vikitundikwa humo. Vincent Placcius wa Hamburg alichapisha picha ya kabati la namna hiyo mwaka 1689. Msweden Carl Linnaeus, aliyeipa mimea na wanyama majina yao ya Kilatini ya maneno mawili, katika miaka ya 1760 alianza kutumia vipande vya karatasi vya ukubwa mmoja, kila kipande kwa jenasi yake, ili aweze kuingiza kipya katikati ya vya zamani bila kuandika upya kitabu kizima. Vipande hivyo vipo London hadi leo, kwenye jumuiya ya wanasayansi yenye jina lake.

Aliyeifikisha kadi mbali kuliko wote ni Paul Otlet, mwanasheria wa Brussels. Mwaka 1895 yeye na rafiki yake Henri La Fontaine, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1913, walianza kuandika kadi moja kwa kila kitabu na makala iliyowahi kuchapishwa duniani. Kufikia miaka ya 1930 kadi zao zilikuwa zaidi ya milioni 12. Watu waliwaandikia barua kutoka nchi mbalimbali wakiuliza maswali, na wafanyakazi wakanakili kadi zinazohusika na kuzituma.

Ndani ya kazi hiyo kubwa kuna alama moja ndogo inayogusa mada yetu. Otlet na La Fontaine walichukua namba za mada zilizotungwa na Mmarekani Melvil Dewey, wakazipanua, wakaongeza nukta pacha. Katika mfumo wao, 17 ni maadili na 7 ni sanaa. Kitabu kuhusu uhusiano wa maadili na sanaa hakikuhitaji kulazimishwa kwenda upande mmoja. Kiliandikwa 17:7, na kikaweza kupatikana kwa njia zote mbili. Kila aliyewahi kusimama mbele ya folda mbili, "Biashara" na "Familia", akiwa na barua ya mkopo wa shamba la ukoo mkononi, anaelewa thamani ya nukta hizo.

Mwisho wa kazi ya Otlet ni wa kusikitisha. Serikali ya Ubelgiji ilifunga jumba lililohifadhi kadi zake mwaka 1934. Mwaka 1940 Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi waliondoa makusanyo yake humo ili kupisha maonyesho ya sanaa yao, na sehemu kubwa ikaharibiwa. Otlet alifariki mwaka 1944. Kilichosalia kimehifadhiwa sasa katika mji wa Mons.

Mashine ambayo haikujengwa

Mwaka uliofuata kifo cha Otlet, Julai 1945, jarida la Marekani The Atlantic Monthly lilichapisha makala ya Vannevar Bush, mhandisi aliyekuwa ameongoza utafiti wa kisayansi wa nchi yake wakati wa vita. Bush alikuwa ameona maelfu ya wanasayansi wakizalisha matokeo mengi kuliko uwezo wa yeyote kuyasoma. Shutuma yake ilielekezwa kwenye njia za kuhifadhi zenyewe. Kitu kinawekwa mahali pamoja, akasema, na anayekitafuta analazimika kushuka kutoka fungu hadi fungu dogo. Akikipata, itambidi atoke nje na kuanza upya kutafuta kingine. Akili ya binadamu haiendi hivyo. Ikishika jambo moja inarukia lingine linalohusiana nalo.

Kwa hiyo akapendekeza mashine aliyoiita memex: meza yenye skrini, na ndani yake vitabu, barua na madokezo ya mwenye meza yakiwa kwenye filamu ndogo. Kiini chake kilikuwa uwezo wa kufunga vitu viwili pamoja. Bush alitoa mfano wa mtu anayechunguza kwa nini upinde mfupi wa Waturuki uliushinda upinde mrefu wa Waingereza katika Vita vya Msalaba. Anapata makala, anaiunganisha na sura ya kitabu cha historia, kisha na vitabu vya unyumbufu wa vifaa, na katikati anaweka dokezo lake mwenyewe. Mfuatano huo unabaki. Miaka baadaye rafiki akimuuliza, anaufungua wote kwa mara moja, na anaweza kumpa nakala.

Memex haikujengwa kamwe, lakini wazo lake halikufa. Miaka michache baadaye, Ujerumani, mtu mmoja alianza kujenga kitu cha jamii yake kwa mbao na karatasi tu.

Kasha la Luhmann

Niklas Luhmann alizaliwa Lüneburg mwaka 1927, akasoma sheria, akawa mtumishi wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuandika madokezo ya usomaji wake kwenye vipande vya karatasi vya ukubwa wa A6, nusu ya ukurasa wa daftari la A5, na kuvipanga kwenye droo za mbao. Hakuacha kwa zaidi ya miaka 40. Alipofariki mwaka 1998 alikuwa profesa mstaafu wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, mwandishi wa vitabu zaidi ya 50 na mamia ya makala, na kadi zake zilikuwa zimefika karibu 90,000.

Makusanyo yake ni mawili. La kwanza, la hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lina kadi kama 23,000 na liligawanywa kwa mada 108. La pili lina kadi kama 67,000, ingawa mada zake kuu ni 11 tu. Kadiri alivyozidi kuwa na kadi nyingi, ndivyo alivyopunguza mafungu. Jambo hilo huwashangaza wanaodhani kwamba wingi wa vitu hudai wingi wa folda.

Aliwezaje? Kila kadi ilipewa namba isiyobadilika. Mfano alioutoa mwenyewe katika makala ya mwaka 1981 ni huu. Kuna kadi 57/12, na nyuma yake 57/13. Baadaye linakuja wazo linaloendeleza 57/12. Halipelekwi mwisho wa droo, wala 57/13 haibadilishiwi namba. Kadi mpya inaitwa 57/12a na kuwekwa katikati. Wazo likizaliwa kutokana na 57/12a, linapata 57/12a1, na kuendelea. Kadi mpya inaweza kuingia mahali popote, siku yoyote, na hakuna ya zamani inayobadilishiwa namba.

Kwa kuwa namba haibadiliki, kadi yoyote inaweza kuitaja nyingine. Dokezo la sheria linaandikiwa pembeni namba ya dokezo la dini, na lile la dini linaandikiwa namba ya dokezo la fedha. Wazo likihusu mambo matatu, linakaa mahali pamoja na kutajwa kwingine kuwili. Hapo swali la kuliweka wapi linapoteza uzito wake: mahali popote panafaa, ilimradi njia za kufika zipo.

Sehemu ya tatu ni faharasa. Kwa kadi 67,000 za kusanyo la pili alikuwa na maneno makuu 3,200 hivi tu. Faharasa ya kitabu hutaja kila ukurasa lilipo neno. Ya Luhmann ilitaja kwa kawaida kadi chache tu kwa kila neno, kwa sababu ilitosha kumfikisha kwenye kadi moja nzuri. Kutoka hapo marejeo ya kwenye kadi zenyewe yangemwongoza. Alilieleza kasha hilo kama mshirika wa mazungumzo anayeweza kumshangaza. Akienda na swali moja, alirudi na uhusiano ambao alikuwa ameuandika miaka kadhaa nyuma na kuusahau.

Chuo Kikuu cha Bielefeld kilinunua urithi wake wa maandishi mwaka 2011, na tangu 2019 picha za kadi hizo zimekuwa zikiwekwa kwenye intaneti kwa yeyote kusoma.

Mihadhara miwili ya mwaka 1965

Folda ya kompyuta ina tarehe ya kuzaliwa inayokaribia kujulikana. Mwishoni mwa mwaka 1965, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta huko Las Vegas, R. C. Daley wa chuo cha MIT na P. G. Neumann wa Bell Labs waliwasilisha muundo wa kuhifadhi faili kwa ajili ya mfumo wa Multics. Faili zingekaa ndani ya saraka, saraka ndani ya saraka nyingine, mfano wa mti unaoanza na shina moja. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, na mti huo ulimpa kila mmoja tawi lake na kulilinda. Ulikuwa muundo mzuri kwa tatizo lililokuwepo, na Unix, mfumo mwingine wa kompyuta ulioanza Bell Labs mwaka 1969, uliurithi. Mwaka 1981 mashine ya Xerox Star iliupa sura ya folda za ofisini kwenye skrini, Macintosh ya 1984 ikazisambaza, na hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako ina mti huo chini yake.

Lakini mwezi Agosti wa mwaka uleule wa 1965, katika mkutano mwingine huko Cleveland, kijana wa miaka 28 aitwaye Ted Nelson alikuwa amesoma mada inayohusu faili za mwandishi: madokezo, rasimu, marekebisho, mawazo yasiyokwisha. Faili hizo, alieleza, hubadilika kila wakati na hakuna ajuaye mapema zitakuwa na umbo gani. Kwa hiyo kipande kimoja lazima kiweze kukaa kwenye orodha nyingi kwa wakati mmoja, na orodha ziunganishwe vipande kwa vipande. Katika mada hiyo Nelson alilitoa hadharani neno haipateksti, maandishi yaliyounganishwa kwa namna isiyoweza kuwekwa vizuri kwenye karatasi.

Mti ulishinda kwa sababu ulikuwa rahisi kujengwa kwa mashine za wakati huo, ukatatua shida ya wasimamizi wa mashine. Mtu aliyekaa mbele ya skrini na madokezo yake mwenyewe alirithi muundo ambao haukutungwa kwa ajili yake.

Kutafuta kwa neno

Njia ya kwanza ya kuukwepa mti ilikuwa kuiacha kompyuta isome yote. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alichapisha hoja fupi ambayo injini za kutafuta zimeitegemea kwa miongo. Neno linaloonekana kwenye hati nyingi halisaidii kutofautisha hati. Neno adimu linasaidia sana. Basi lipe kila neno uzito kulingana na uadimu wake. Ukitafuta "mkutano Mbeya" kati ya madokezo yako, na mkutano umetajwa mara mia lakini Mbeya mara tatu, Mbeya ndiyo itakayoongoza.

Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilizindua huduma ya barua pepe ya Gmail, ikitoa nafasi ya gigabaiti moja wakati huduma nyingine zilitoa megabaiti chache. Badala ya folda kulikuwa na lebo, na ujumbe mmoja ungeweza kubeba lebo nyingi. Mwaka mmoja kabla, Joshua Schachter alikuwa ameanzisha del.icio.us, ambako watu walihifadhi anwani za tovuti kwa kuziandikia maneno yoyote waliyotaka. Mwaka 2005 Apple ikaweka kwenye kompyuta zake kifaa cha Spotlight, kinachotafuta ndani ya faili zote.

Je, folda zilikuwa zimepitwa? Mwaka 2011 Steve Whittaker na wenzake walifuatilia watumiaji 345 wa barua pepe na matendo zaidi ya 85,000 ya kutafuta barua za zamani. Waliojenga folda nyingi hawakufaulu zaidi kupata barua kuliko wengine, na walitumia muda mrefu zaidi. Hata hivyo uchunguzi wa Ofer Bergman na wenzake mwaka 2008 ulikuwa umeonyesha kwamba kwa faili zao wenyewe watu hupenda kufungua folda, hata wanapopewa chombo bora cha kutafuta. Nionavyo mimi, matokeo hayo hayapingani. Barua pepe huja na jina la mtumaji, tarehe na maneno ya kutosha, hivyo kuna cha kushika. Faili lenye jina la haraka na maneno machache halina, na mwenye nalo hana budi kukumbuka njia.

Kwa mwandishi wa Kiswahili kuna ugumu zaidi. Mwaka 1980 Martin Porter alitoa kanuni ya kukata viambishi vya mwisho wa maneno ya Kiingereza ili maumbo mbalimbali ya neno yatambuliwe kama moja, na programu nyingi zikaichukua. Kitenzi chetu hubadilika sana mwanzoni: aliandika, tumeandika, walioandikiwa. Programu inayolinganisha mwanzo wa neno haitaona undugu wao, wala wa kitabu na vitabu. Na hata ikiwa hodari, dokezo lenye neno mpunga halitapatikana kwa kutafuta mchele, wala lenye neno wali. Utafutaji wa neno huleta kilichoandikwa, kwa neno lililoandikwa.

Kurudi kwa kiungo

Njia ya pili ilikuwa ile ya Bush, Luhmann na Nelson. Tarehe 25 Machi 1995 mtayarishaji programu Ward Cunningham wa Oregon alifungua tovuti ya kwanza ya aina iitwayo wiki, ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri. Mtu aliandika maneno yaliyoshikana, kila moja likianza na herufi kubwa, na papo hapo yakawa kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa jina hilo, hata kama ukurasa wenyewe haujaandikwa bado. Ukibonyeza kichwa cha ukurasa uliona kurasa zote zinazoutaja. Luhmann alilazimika kuandika rejeo la kurudi kwa mkono wake. Mashine sasa ilimfanyia mtu kazi hiyo.

Programu za madokezo kama Roam Research na Obsidian, zilizopata wafuasi wengi karibu na mwaka 2020, zilichukua desturi hiyo na kuipeleka kwa mtu mmoja na madokezo yake. Andika jina la dokezo lingine ndani ya mabano ya mraba, na yameunganishwa pande zote mbili. Obsidian huyaweka kama faili za maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chako, na zinasomeka hata kwa programu nyingine. Hilo la mwisho lina uzito. Kadi za Luhmann zinasomeka leo kwa sababu kuzisoma kunahitaji macho na mwanga tu. Kadi za Otlet zilitegemea jumba moja, na jumba lilipofungwa zikaanza kupotea. Dokezo linaloishi ndani ya kampuni moja tu lina hatari ileile.

Ukizitazama karne hizi zote, funzo ni moja. Hakuna aliyeacha mafungu akabaki bila kazi. Gessner alikata, Locke alichagua neno kuu, Otlet aliunganisha namba mbili, Luhmann aliandika marejeo kadi baada ya kadi. Kazi ya kupanga ilihama tu: badala ya kuamua dokezo likae wapi, waliamua litaitwaje na litaunganishwa na lipi, na waliamua hivyo wakati wa kuandika, jambo likiwa bado moto kichwani. Anayetupa madokezo yake yote mahali pamoja akitumaini kompyuta itamtafutia amechukua nusu ya urithi huo na kuiacha nusu iliyo muhimu.

Kwa hiyo, msomaji, usianze kwa kubadili programu wala kwa kuhamisha folda zako za miaka kumi. Chukua dokezo utakaloandika leo. Liwe na jambo moja. Lipe kichwa chenye neno ambalo utalitafuta nalo mwakani, na kama jambo lina majina mawili, yaandike yote mawili. Taja ndani yake dokezo moja la zamani linalohusiana nalo. Weka nakala mahali ambapo programu nyingine yoyote inaweza kuisoma. Fanya hivyo kwa la leo, kisha kwa la kesho, na usishughulike na kumbukumbu ya ulipoliweka.